Milima Thelathini na Minne ya Reli ya Mombasa

Boila ya injini ya daraja la 59 ilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.3. Reli zilizoibeba zilikuwa zimeachana kwa mita moja tu. Ukizisoma tarakimu hizo kwa mara ya kwanza unaweza kudhani mpiga chapa amekosea, maana mtungi mnene namna hiyo ulistahili kupinduka kwenye kona ya kwanza baada ya Changamwe. Haukupinduka. Tangu mwaka 1955, kwa zaidi ya miaka 20, injini za aina hiyo zilipanda kutoka pwani hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, zikivuta treni za mizigo za tani 1,200. Zilikuwa 34. Hakuna reli ya mita moja popote duniani iliyowahi kubeba injini ya mvuke nzito kuliko hizo wala yenye nguvu zaidi.

Ili kuelewa kwa nini chuma kikubwa kiasi hicho kiliwekwa juu ya njia nyembamba kiasi hicho, lazima kwanza tuitazame njia yenyewe.

Waingereza walianza kutandika reli Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 ikagusa Ziwa Viktoria mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Ilijengwa harakaharaka, kwa fedha zilizokuwa zikigombewa bungeni London, na kwa jasho la maelfu ya vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi pamoja na Waafrika waliochukuliwa njiani. Reli zenyewe zilikuwa nyepesi, ratili 50 kwa kila yadi. Kutoka Mombasa njia huanza kupanda mapema sana. Huko Mazeras imelazimika kujizungusha na kupita juu yake yenyewe ili ipate kimo. Kisha inaingia Nyika ya Taru, ambako maji ni adimu, inapita Voi na Tsavo, inapanda Makindu na Sultan Hamud hadi uwanda wa Athi. Baada ya Nairobi mambo huwa magumu zaidi. Treni hushuka Bonde la Ufa na kupanda upande wa pili, na tawi la kwenda Eldoret na Uganda, ambalo lilifika Kampala mwaka 1931, hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari.

Njia kama hiyo humpa mhandisi mtego wa kweli. Injini huvuta kwa uzito: magurudumu yanayosukumwa na pistoni yasipokandamiza reli vya kutosha, yatazunguka bure mahali pamoja. Lakini reli nyepesi haistahimili uzito mkubwa kwenye ekseli moja. Kwa hiyo huna budi kuongeza ekseli, uzito ugawanyike. Ukiongeza ekseli, injini inakuwa ndefu. Na injini ndefu yenye fremu moja ngumu haipindi kona, inazing'oa reli au inatoka yenyewe. Njia iliyobaki ni kuikata injini vipande viwili vyenye magurudumu na silinda zake, kisha kuviunga kwa viungo vinavyocheza.

Wazo hilo halikuwa la mtu mmoja. Robert Fairlie wa Uingereza alitengeneza injini yenye boila ya pande mbili iliyokaa juu ya magari mawili yanayogeuka. Ile iliyoitwa Little Wonder ilifanya maajabu kwenye njia nyembamba ya Ffestiniog huko Wales kuanzia mwaka 1869. Anatole Mallet, Mswisi aliyefanya kazi zake Ufaransa, alipata hataza mwaka 1884 kwa muundo tofauti: kipande cha nyuma kinashikamana na boila, cha mbele peke yake ndicho kinachocheza. Katika mpango wake wa asili mvuke ulifanya kazi mara mbili, kwanza ukiwa na nguvu katika silinda za nyuma, kisha mabaki yake yakaingia silinda kubwa zaidi za mbele. Wamarekani waliipenda Mallet na kuikuza hadi ikafikia ukubwa wa kutisha. Reli ya Uganda nayo iliagiza Mallet kutoka kampuni ya North British ya Glasgow kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hazikudumu sana.

Mtu aliyetatua tatizo la Timboroa hakuwahi kuiona Timboroa. Herbert William Garratt alizaliwa London mwaka 1864, akawa mhandisi wa reli wa kuhamahama: Argentina, Cuba, Lagos, Peru, Australia. Inasimuliwa kwamba wazo lake lilitokana na mabehewa ya kubebea mizinga mizito, yale ambayo mzinga hulala katikati juu ya magari mawili yaliyoachana. Mwaka 1907 alilipeleka kwa kampuni ya Beyer, Peacock iliyokuwa na karakana zake Gorton, Manchester. Kampuni ilisitasita, halafu ikakubali. Garratt za kwanza mbili zilikwenda Tasmania mwaka 1909, kwenye njia ya futi mbili tu. Zilikuwa ndogo, za kuvuta madini milimani. Garratt mwenyewe alifariki mwaka 1913 kabla hajaona ukubwa wa kitu alichokizaa.

Uzuri wa wazo lake uko katika kile alichokiondoa chini ya boila. Katika injini ya kawaida boila hukaa juu ya magurudumu, na magurudumu huibana: haiwezi kuwa nene sana kwa kuwa haina pa kushuka, na tanuri la moto halina nafasi ya kutanuka. Garratt alichukua boila akaitundika katikati, kama machela inayobebwa na watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Chini ya boila hakuna gurudumu hata moja. Hivyo inaweza kuwa fupi na nene, jambo zuri kwa kuzalisha mvuke, na tanuri linaweza kuwa pana na lenye kina, likipata hewa kutoka pande zote. Kipande cha mbele hubeba tangi la maji. Cha nyuma hubeba mafuta au makaa, na maji mengine. Kila kimoja kinazunguka kwenye pini yake, na mvuke hupita katika mabomba yenye viungo vya kugeuka.

Kwenye kona ndipo akili yake inapoonekana. Vipande vya mbele na nyuma hufuata upinde wa reli, na boila iliyo katikati hukata njia ya mkato ndani ya upinde huo. Uzito wake mkubwa kuliko wote unasogea kuelekea ndani ya kona, upande unaozuia kupinduka. Mallet hufanya kinyume chake: boila imeshikwa nyuma tu, kwa hiyo pua yake hutokeza nje ya kona. Ndiyo maana Garratt inaweza kuwa na boila ya mita 2.3 juu ya njia ya mita moja na isimtie dereva hofu. Tena huenda mbele na nyuma kwa ukakamavu uleule. Ina dosari zake pia. Kadiri maji na mafuta yanavyopungua, uzito juu ya magurudumu hupungua, na nguvu ya kushika reli hupungua nao; dereva anayekaribia mwisho wa mpando akiwa na tangi nusu hulijua hilo kwa mikono yake.

Reli ya Kenya na Uganda ilipokea Garratt zake za kwanza nne mwaka 1926. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba haikurudi nyuma tena. Oda zikafuatana, nyingine kwa Beyer, Peacock na nyingine kwa North British, na mwaka 1939 zilianza kuja Garratt ambazo kila kipande chake kilikuwa na magurudumu manne ya kuongoza, manane ya kuvuta na manne ya kufuatia, ili uzito usambae hata juu ya reli za ratili 50. Kwa mawazo yangu hizo za 1939 ni kazi ya ustadi kuliko hata zile kubwa zilizokuja baadaye, ingawa hazikupata umaarufu wa kulingana nazo. Kumpa mhandisi reli nzito na kumwambia atengeneze injini nzito ni jambo moja. Kumwambia apandishe mizigo ya nchi nzima juu ya nyuzi ni jambo jingine.

Baada ya Vita vya Pili mizigo iliongezeka kuliko uwezo wa njia. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika, likazaliwa shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Katika bandari ya Kilindini, Mombasa, shehena zilirundikana zikingoja mabehewa, na mabehewa yakingoja injini. Wakati huohuo watu waliozibeba shehena hizo walikuwa na madai yao: mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, ambapo wafanyakazi wa bandari na wa reli walisimama pamoja, ulikuwa umeonyesha nani hasa anaiendesha bandari. Shirika lilijibu msongamano kwa chuma. Sehemu ya Mombasa hadi Nairobi ilitandikwa upya kwa reli za ratili 95, zinazoweza kubeba tani 21 kwa ekseli, na Manchester ikapelekewa oda ya injini ambazo hakuna mwenye reli ya mita moja aliyewahi kuziota.

Daraja la 59 lilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 252 za Kiingereza likiwa na mafuta na maji. Lilikuwa na magurudumu 28 kwa jumla, 16 kati yake ya kuvuta, yaliyosukumwa na silinda nne. Nguvu yake ya kuvuta iliandikwa ratili 83,350. Lilichoma mafuta mazito, na lilisanifiwa ili likitakiwa ligeuzwe kuchoma makaa, na hata magurudumu yake yaweze kupanuliwa kutoka mita moja kwenda futi tatu na nusu, upana wa reli za kusini mwa Afrika. Wasanifu walikuwa wakiota siku ambapo reli za kaskazini na za kusini zingeungana. Zilikuja kwa meli zikiwa vipande, zikaungwa katika karakana za Nairobi, zikapakwa rangi nyekundu iliyokolea.

Kisha zikapewa majina ya milima. Namba 5901 ilikuwa Mount Kenya, 5902 ikaitwa Ruwenzori Mountains, na orodha ikaendelea: Meru, Elgon, Muhavura, Hanang, Rungwe, Longonot, Suswa, hadi 5934 iliyochukua jina la Menengai, ambayo kwa kweli ni kasoko ya volkano. Kilimanjaro, mrefu kuliko milima yote ya Afrika, uliwekwa kwenye namba 5928. Sijui Mchaga gani angeukubali mpangilio huo. Hata hivyo majina ya milima yalikuwa na bahati kuliko ya dada zao, Garratt za daraja la 60, ambazo zilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Uhuru ulipokuja vibao vya magavana viling'olewa. Milima ilibaki.

Kazi ya kuziendesha ilikuwa na utaratibu wake. Safari ya Mombasa na Nairobi, takriban kilomita 530, ilikuwa ndefu mno kwa kikosi kimoja, kwa hiyo nyuma ya injini lilifungwa behewa la kulala. Kikosi kimoja kikiwa kazini, kingine kilipika, kilikula na kulala mle ndani, kisha wakapokezana. Kwa miaka mingi injini moja ilikuwa mikononi mwa vikosi vilevile, na jambo hilo liliwafanya wawe nayo kama mali yao. Madereva, wengi wao Masingasinga katika miaka ya mwanzo, walishindana kusugua shaba na kupamba vyumba vyao vya kuendeshea. Mpiga picha yeyote aliyekwenda Voi au Makindu miaka ile alirudi na picha ya geji za mvuke zilizong'arishwa hadi zikawa vioo.

Mchochea moto wa injini ya mafuta hakuwa na koleo, lakini usidhani alikuwa amestarehe. Mikono yake ilikaa kwenye vali, akipima mafuta na mvuke unaoyapuliza ndani ya tanuri, na macho yake yalikwenda mara kwa mara kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi ni mafuta yanayopotea. Moshi usioonekana kabisa ni hewa baridi iliyozidi, inayoipoza boila. Kila baada ya muda alitupa mchanga ndani ya tanuri, mvuto wa moshi ukauchukua kupitia mirija ya boila na kuisugua masizi, na wingu zito jeusi likapanda juu ya nyika. Baadaye injini hizo zilifungwa bomba jembamba la moshi lenye umbo bapa, ubunifu wa Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen, ambalo lilivuta moshi kwa kupoteza nguvu kidogo zaidi. Anayezijua 59 kwa picha ataweza kukisia umri wa picha kwa kutazama bomba hilo.

Ajira katika reli ilikuwa imepangwa kwa rangi. Mzungu alikuwa juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, hata kama wote watatu walipumua moshi mmoja. Ngazi hiyo ilianza kubomolewa katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1960 madereva Waafrika walikuwa wakiziongoza Garratt kwenye njia kuu. Walikuwa wameshazijua kwa miaka kutoka upande wa pili: kwa kuziosha, kuziwashia moto usiku, kuzitia grisi na kukaa kwenye vali ya mafuta. Ukiangalia historia zilizochapishwa za injini hizi utapata kurasa nyingi juu ya kipenyo cha silinda, na mistari michache tu juu ya watu hao.

Shirika liliwahi kufikiria kwenda mbele zaidi. Michoro ya daraja la 61 ilichorwa, Garratt kubwa kuliko 59, lakini haikujengwa hata moja. Dizeli zilikuwa zimeshafika. Beyer, Peacock yenyewe ilifunga milango mwaka 1966 baada ya zaidi ya miaka 110 ya kutengeneza injini, na kuanzia hapo kila kipuri kilikuwa cha kutafuta au cha kutengeneza karakana ya Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli likagawanywa. Daraja la 59 lilikuwa limeshaanza kuondolewa mwaka 1973. Kufikia 1980 lilikuwa limetoka kazini lote. Nyingi zilikatwa na kuuzwa chuma chakavu.

Hapa ndipo habari ya modeli inapoingia, na msomaji asiidharau kuwa ni michezo ya wazee wa Ulaya wenye muda mwingi.

Michoro ya Beyer, Peacock haikutupwa. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda la Manchester, ambalo pia lina Garratt kubwa iliyofanya kazi Afrika Kusini. Kwa michoro kama hiyo, mtu mwenye lathi nyumbani na subira anaweza kutengeneza 59 yake mwenyewe. Hesabu ya kuipunguza inavutia. Katika kipimo cha 1:87, ambacho ndicho maarufu kwa treni za mezani zinazotumia umeme, injini ya karibu mita 32 huwa na urefu wa sentimita 36 na nusu. Uzito haupungui kwa uwiano huohuo, hupungua kwa kipeo cha tatu: kilo 256,000 zinakuwa gramu zisizofika 400. Modeli nyepesi kiasi hicho haishiki reli, kwa hiyo fundi huficha risasi ndani ya matangi ya maji na ya mafuta. Tatizo la 1955 limerudi mezani: uzito, na mahali pa kuuweka.

Tukienda kwenye modeli za mvuke halisi, za kupandwa na watu, mambo huwa mazito kwa maana zote. Katika reli ya inchi tano, 59 inakuwa na urefu wa mita nne na uzito wa nusu tani na zaidi. Boila yake, ya shaba nyekundu, hufika kipenyo cha sentimita 29. Hapo fundi hukutana na jambo ambalo hakuna michoro inayomsaidia: maji hayapunguzwi kwa kipimo. Yanachemka kwa joto lilelile, lakini boila ndogo hupoteza joto haraka kwa sababu ina ngozi kubwa kuliko mwili wake. Mirija iliyopunguzwa kwa usahihi huziba kwa masizi. Viungo vya mvuke vya kwenye pini vikipunguzwa kwa usahihi huvuja. Ndiyo maana fundi mzuri wa modeli ya Garratt huweka mirija michache minene zaidi, na hutumia viungo vyenye mpira wa kuziba ambavyo Manchester ya mwaka 1955 haikuvitumia. Uaminifu kwa umbo, uhuru kwa yaliyo ndani.

Mfano wa upande wa pili ni Big Boy ya Marekani. Union Pacific iliagiza injini hizo 25 kutoka kiwanda cha ALCO, Schenectady, 20 mwaka 1941 na tano mwaka 1944, kwa ajili ya kupandisha mizigo kwenye milima ya Wasatch. Pamoja na tenda, kila moja ilikuwa na uzito wa karibu tani 540, zaidi ya mara mbili ya 59, nayo inatokana na ukoo wa Mallet ingawa mvuke wake ulitumika mara moja tu. Namba 4014 ilikarabatiwa na kurudi njiani mwaka 2019. Big Boy za mezani zimeuzwa kwa miongo mingi. Rivarossi ya Italia ilitoa yake katika miaka ya 1960. Lakini treni za mezani hupita kwenye kona za kipenyonusu cha inchi 18, ambazo katika ukubwa halisi ni kama mita 40. Big Boy ya kweli haingeweza kupita hapo. Ilisanifiwa kwa kona zenye zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo watengenezaji wengi hufanya hila: vipande vyote viwili vya magurudumu vinageuka, ilhali katika injini halisi cha nyuma kimefungwa. Ukiiweka kwenye kona, boila inatokeza nje kwa namna inayochekesha.

Modeli ya Garratt haihitaji hila hiyo. Inapinda mezani jinsi ilivyopinda Mazeras, kwa pini zilezile mbili. Kati ya miundo yote mikubwa ya injini za viungo, huu ndio unaostahimili kupunguzwa bila kusema uongo, na mimi naamini hiyo ni sehemu ya sababu inayowafanya watu ambao hawajawahi kukanyaga Voi wajue kwa moyo orodha ya milima yetu.

Katika zile 34 za asili, mbili zinaonekana leo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971: namba 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron na Shengena ndio kilele cha juu cha milima ya Upare. Yote miwili iko Tanzania, ambako daraja la 59 halikuwa na kazi. Mount Gelai iliwahi hata kuwashwa tena na kutembea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mizigo ya Mombasa sasa ina njia nyingine, ile reli pana iliyofunguliwa mwaka 2017, na injini zake za dizeli hazipewi majina ya milima.

Vipimo vya injini hizi viko salama. Kila ribiti ya boila ina mchoro wake Manchester, na kuna mtu mahali fulani anayeipunguza kwa 1:87 wakati ukisoma hapa. Kitu kinachopungua kila mwaka ni kumbukumbu ya kazi: jinsi dereva alivyoijua Garratt yake kwa sauti pale vipande viwili vya magurudumu vinapoachana na kurudiana mpigo, walichokula katika behewa la kulala, mshahara wa mchochea moto wa 1958 na wa 1968, majina ya waliowasha moto saa nane usiku. Walio hai wamezeeka. Kama una babu, baba au mjomba aliyefanya kazi reli Mombasa, Nairobi, Nakuru, Tabora au Kampala, kaa naye, mrekodi kwa simu, piga picha vitambulisho na barua zake za kazi, na upeleke nakala makumbusho. Usingoje mwaka ujao.